Foto ya baba kazini: nani ana jina, nani hana?

Katika nyumba nyingi za kampi, iwe Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, iko foto moja ya kitambo. Iko ukutani ao ndani ya sanduku la nguo. Baba amevaa kofia ya kazi na buti kubwa, nyuma yake mashini ao mlango wa mgodi. Watoto wanaipitia kila siku bila kuitazama. Iko pia foto ingine ya aina ile ile, ya watu wale wale, lakini hiyo inalala katika makabati ya kampuni na katika nyumba za makumbusho kule Bulaya. Ile ya nyumbani, mama atakuambia: "Huyu njo babu yako." Ile ya kampuni, mara nyingi chini yake wameandika paka: wafanyakazi weusi, na mwaka.

Hapo njo tunataka kuanzia. Watu wakizungumza juu ya tofauti ya tajiri na maskini, wanahesabu franga, nyumba, gari na hospitali. Hawakosei. Lakini tofauti hiyo inaonekana vilevile ndani ya foto na ndani ya tablo: nani aliamua picha ifanywe, nani ndani yake ana jina, na picha yenyewe leo inalala kwa nani. Sisi wa Katanga tunaweza kulielewa jambo hilo kuliko wengi, maana hapa kwetu shaba na picha vilikomaa pamoja.

Maulizo mane mbele ya foto

Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ilitoka katika tanuru za Lubumbashi mwaka 1911. Kampuni ilihitaji kuwaonyesha wenye mali kule Brussels namna franga zao zinavyofanya kazi. Kwa hiyo foto zilipigwa nyingi: bomba la moshi la Mumbunda, reli, nyumba za matofali kwa mistari, hospitali, masomo, timu ya mpira. Vitu hivyo vilikuwako kweli. Wazee wetu wenyewe walikuwa wakiita kampuni "baba na mama", maana posho ilitoka kwake, nyumba ilitoka kwake, mtoto alizaliwa katika hospitali yake. Hata hivyo foto inaonyesha kwanza kile ambacho mwenye kuilipa anataka kionekane.

Basi ukikutana na foto ya namna hiyo, jiulize maulizo mane. Nani ameketi na nani amesimama? Nani amevaa viatu? Nani alikuja mbele ya mashini ya foto kwa kupenda, na nani aliambiwa: simama hapa, usitikisike? Na la mwisho: nani jina lake limeandikwa? Katika foto nyingi za wakati wa Wabelgiji jibu ni lile lile. Injinia ana kiti, ana kofia nyeupe, ana jina. Mfanyakazi anasimama, na jina lake ni "mweusi". Kuna hata foto za watu waliovuliwa nguo na kupimwa mwili kama ng'ombe wa soko. Hao hawakuulizwa kitu.

Mji wenyewe ulichorwa vile

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya foto tu. Sivyo. Kule juu, ukitazama Lubumbashi kutoka ndege, unaona ule mgawanyo wenyewe juu ya udongo. Wabelgiji walitenga mji wa wazungu na mtaa wa watu weusi kwa kipande cha ardhi kitupu, zaidi ya mita 500 kwa upana. Sababu waliyotoa ilikuwa mbu: walipiga hesabu ya safari ambayo mbu wa malaria anaweza kuruka, wakaweka watu weusi ng'ambo ya safari hiyo. Kama mbu huyo hakuweza kufika kwa mzungu, basi mwenye nyumba ya Kamalondo naye hakuwa na lazima ya kufika, isipokuwa asubuhi kwa kazi.

Sammy Baloji, mpiga foto aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alilichukua jambo hilo mwaka 2013. Alipiga foto za mji kutoka juu, akazipanga pamoja na foto za mbao za makumbusho zenye nzi na mbu waliochomwa pini. Alikuwa amekuta foto moja ya mwaka 1929: wafanyakazi wawili mbele ya lundo la nzi waliokufa. Wakati ule, ili apate posho ya siku, mfanyakazi alipaswa kuleta nzi 50. Fikiri vizuri, ndugu msomaji. Mtu ametoka kuchimba ao kuchoma shaba, jua linazama, watoto wanangoja unga, na yeye anafukuza nzi ili afikishe hesabu. Katika foto ile ya kwanza ilikuwa habari ya usafi. Ilipowekwa pembeni ya ramani ya mji, ikawa habari ya nani alihesabiwa kuwa mtu na nani alihesabiwa pamoja na wadudu.

Kile ambacho albamu haikutaka

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, vita ya Bulaya inawaka, shaba ya Katanga inatakiwa sana. Bei za vitu zilipanda sokoni, mshahara wa mfanyakazi mweusi ulibaki chini. Watu wa Likasi na Lubumbashi wakakataa kazi. Tarehe 9, wafanyakazi walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, askari wakapiga risasi. Wengi walikufa. Kati yao alikuwa karani Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake.

Uwanja wa mpira ulikuwa moja ya vitu ambavyo kampuni ilipenda sana kuonyesha katika foto zake. Siku ile ulikuwa kaburi. Nani alituletea picha ya siku hiyo? Zaidi ya miaka 30 baadaye, aliileta mchoraji mmoja wa hapa kwetu, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Hakuwako uwanjani, alikuwa bado hajazaliwa. Alisikia kwa wazee, akachukua rangi, akachora. Na katika tablo yake Mpoyi ana jina.

Tablo katika saloni ya mfanyakazi

Tshibumba hakuwa peke yake. Miaka ya 1970, wakati mshahara wa Gécamines ulikuwa bado unaweza kulisha nyumba, wafanyakazi na makarani walinunua tablo na kuziweka katika saloni zao. Zilichorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga iliyofuliwa na kupakwa rangi nyeupe, na wachoraji walizibeba mkononi kutoka mlango hadi mlango. Kulikuwa na Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini. Kulikuwa na Simba Bulaya, watu wa usiku waliokamata wenzao. Na kulikuwa na ile iliyoitwa kwa kifaransa "Colonie belge".

Wazee wanaijua. Kiwanja cha gereza. Mtu amelala chini kwa tumbo, askari mweusi anampiga fimbo. Mukubwa wa Bulaya amesimama pembeni, mara nyingi na kiko mdomoni, yeye hashiki fimbo. Bendera ya Ubelgiji iko juu. Wake za wafungwa wanatazama na chakula walicholeta. Ukirudia yale maulizo yetu mane, utaona mchoraji amejibu yote. Ameonyesha hata jambo gumu kusema: kwamba mkono uliopiga ulikuwa wa ndugu yetu, na aliyeamuru hakutoka jasho.

Kwa nini mtu anunue picha ya mateso na kuiweka pale wageni wanapokunywa bia? Kwa sababu watoto wataiuliza. Hakuna masomo yaliyowafundisha habari ile. Mtoto akiuliza, "Papa, huyu anapigwa juu ya nini?", baba anapata nafasi ya kusema. Tablo ilikuwa kitabu cha nyumba ambayo haikuwa na vitabu.

Wakati huohuo kulikuwa na michoro ingine iliyopendwa na wengine. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa Lubumbashi nyumba ya wachoraji iliyoitwa "Le Hangar". Humo walitoka watu wenye mikono ya ajabu: Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechora kwa vidole bila burashi. Kazi zao ni nzuri, hatutaki kuzidharau. Lakini wanunuzi wao wakubwa walikuwa wazungu, na katika michoro hiyo pori ni zuri, nyama wanakimbia, kampuni haimo. Kila saloni ilikuwa na picha yake, kama vile kila mtaa ulikuwa na upande wake.

Tena hapa kuna tofauti ingine. Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba alichora historia yote ya inchi katika tablo karibu mia moja, akaieleza kwa Kiswahili chetu cha Shaba mbele ya mtaalamu Johannes Fabian. Kitabu kilitoka mwaka 1996, kwa kiingereza. Tablo zenyewe ziko Amsterdam, katika nyumba ya makumbusho. Tablo zingine nyingi za wachoraji wetu ziko Tervuren, Ubelgiji. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzo wa miaka ya 1980, na jamaa haikujua alikokwenda. Tunashukuru kwamba kazi yake ilitunzwa, maana hapa kwetu nyingi zililiwa na mvua na mchwa. Lakini mtoto wa Katuba anayetaka kuona namna babu wa babu yake alivyopigwa risasi, anahitaji viza. Picha imefuata njia ya shaba.

Wafu wanarudi kazini

Kisha mshahara wenyewe ukaharibika. Mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, Gécamines ikaanguka nyuma yake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ile operesheni iliyoitwa "kuondoka kwa kupenda". Wasomaji wetu wanajua kupenda kule kulikuwa kwa namna gani. Saloni hazikununua tena tablo. Nyingi ziliuza hata viti.

Mwaka 2006, Baloji alipiga foto za rangi katika viwanda vilivyokufa: paa zimetoboka, vyuma vina kutu, majani yanaota. Halafu akachukua zile foto nyeusi na nyeupe za kitambo, akakata watu ndani yake, akawasimamisha katikati ya mabomoko. Mfanyakazi wa mwaka 1920 na kitu, mtu wa minyororo shingoni, mukubwa na kofia yake, wote wanasimama mahali pale pale, leo. Aliziita "Mémoire". Hakuna neno la kulia limeandikwa humo. Lakini mtu wa kampi akiziona anaelewa mara moja: hawa njo walijenga, na hivi njo vimebaki.

Baadaye alikwenda kwa ma-creuseur wa upande wa Kolwezi. Foto ya hema lao, ya turubai na miti, aliiweka pembeni ya zile picha za karatasi za Kichina zinazouzwa sokoni: maghorofa, maua, maji ya buluu. Watu wa kampi za ma-creuseur wanabandika picha hizo ndani. Hatuoni kicheko hapo. Mtu anayelala chini ya turubai ameamua mwenyewe ni picha gani ataitazama kabla ya kulala. Hiyo ni haki ndogo, lakini ni yake.

Leo na simu mkononi

Siku hizi foto za migodi yetu zinazunguka dunia kuliko wakati wowote, juu ya kobalti inayoingia katika betri za simu na za gari za umeme. Kampuni inaonyesha kofia mpya na meno yanayocheka. Wageni wengine wanaonyesha mtoto mwenye matope usoni. Foto zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Lakini maulizo yetu mane hayajazeeka. Yule mtoto ana jina? Mama yake aliulizwa? Foto ilikwenda wapi, na nyumba yake ilipata nini? Mwenye kuchimba ana haki ya kuuliza hayo mbele mashini haijamwelekea, na ana haki ya kusema hapana.

Na iko kazi ambayo haihitaji kibali cha mukubwa. Shusha foto ya baba kutoka ukutani, ao itoe ndani ya sanduku. Kaa na mzee wakati bado ana nguvu. Andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi, maana wino unapita upande wa pili: jina lote, mwaka, mahali, kazi aliyofanya, namba yake ya kampuni. Andika vilevile majina ya waliosimama naye, maana nao wana watoto wanaotafuta. Ipige kwa simu, utume kwa ndugu. Akija mgeni anayependa foto za kitambo, mpe kopi na ulize jina lake pia. Ile yenyewe ibaki nyumbani.

Kampuni iliandika namba za mashini zake zote. Majina ya baba zetu, tuandike sisi.