Mzizi wa Uchina unaotibu na kuua

WATU wengi huamini kwamba dawa ya miti shamba haiwezi kumdhuru mtu kwa kuwa ni ya asili. Imani hii ni ya hatari, na mfano mzuri ni mzizi wa mmea uitwao akonaiti.

Huko Uchina, mzizi huu umetumika kwa karne nyingi kutibu baridi yabisi, maumivu ya viungo na udhaifu wa moyo. Lakini Wachina wa kale waliutumia pia kutengeneza sumu ya mishale.

Mzizi mbichi una sumu kali iitwayo akonitini. Sumu hii huvuruga mwendo wa chumvi ya sodiamu katika mishipa ya fahamu na misuli ya moyo, hata moyo ukapiga ovyo au kusimama kabisa. Miligramu 2 tu zaweza kuua mtu mzima.

Je, mbona watu huutumia? Siri imo katika matayarisho. Mzizi ukilowekwa kisha ukachemshwa kwa saa nyingi, sumu huvunjika na kupungua sana. Hatari huja iwapo haukuchemshwa vya kutosha, kipimo kimezidishwa, au mtu amekunywa pombe iliyolowekwa mizizi hiyo, ambayo ni ya kupaka tu. Kwa macho, huwezi kujua sumu imebaki kiasi gani.

Mwaka wa 2017, mwanamke mmoja alifariki mjini San Francisco, Marekani, baada ya kunywa chai ya majani na mizizi ya dukani iliyokuwa na sumu hii. Mnamo 2022, watu 12 waliugua huko Markham, Kanada, baada ya kula mkahawani chakula kilichotiwa kiungo chenye akonaiti.

Dalili huanza baada ya dakika chache hadi saa kadhaa: ganzi midomoni na ulimini, kisha mikononi na miguuni, kutapika, kuishiwa nguvu na moyo kwenda mbio au polepole mno.

Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii. Madaktari huusaidia moyo hadi sumu iishe mwilini, kwa hivyo kila dakika ina thamani. Mgonjwa akimbizwe hospitalini, na pakiti au mabaki ya dawa aliyokunywa yabebwe. Tena asimfiche daktari: mwenye kuficha maradhi, kifo humuumbua.