Swali la Mwanafunzi Mwenye Njaa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tunapenda kuzungumza na wazazi juu ya vijana wetu walioko vyuoni katika mikoa ya Mbeya na Iringa, na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Jioni moja ya mwezi Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo alitufuata msikitini baada ya sala ya Isha. Alitoa salamu, akakaa kwa adabu, kisha akauliza: "Sheikh, mtu akifunga sunna siku nyingi mfululizo, na kila siku akawa hakula daku, funga yake inasihi?" Tulimjibu kwa urefu. Tulimweleza kuwa daku ni sunna na wala si sharti la funga, na kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi'i niya ya funga ya sunna yafaa hata asubuhi, maadamu mtu hajala kitu na jua halijapinduka. Alishukuru, akaondoka.

Zilipita wiki mbili ndipo mwenzake wa chumbani alipotueleza kwamba kijana yule hakuwa akifunga kwa hiari. Hakuwa na chakula. Alichokuwa akikitafuta kwetu ni kujua kama njaa yake ingeandikiwa angalau thawabu za funga. Tulipomtafuta, tuliambiwa amekwisha kurudi kwao mikoa ya kusini kabla ya mitihani, na hadi leo hatujui kama aliwahi kurejea chuoni.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni katika historia yetu. Abu Hurayra (R.A) alikuwa miongoni mwa watu wa Suffa, mafakiri waliokaa katika Msikiti wa Mtume (S.A.W) Madina wakitafuta elimu. Imam Bukhari amepokea kisa chake cha kukaa njiani siku moja akiwa ameshikwa na njaa kali. Akapita Abubakar (R.A), akamuuliza juu ya aya ya Qur'an, na haja yake ilikuwa achukuliwe akalishwe. Abubakar akapita. Akapita Umar (R.A), ikawa vile vile. Kisha akapita Mtume (S.A.W), akamtazama usoni, akatabasamu, akajua kilichomo moyoni mwake, akamchukua nyumbani. Kulikuwa na bakuli moja tu la maziwa, naye akaamrisha waitwe watu wote wa Suffa wanywe. Sisi jioni ile tulijibu swali, na uso wa muulizaji hatukuutazama.

Ni vyema tukajiuliza, kijana wa Kiislamu anafikaje katika hali hiyo? Nyanda za Juu Kusini zimejaaliwa kuwa na vyuo vingi. Iliyokuwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwaka 2005 iligeuzwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanza mwaka 1986, kilipanda hadi kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Viko pia vyuo vya wenzetu Wakristo, kama Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha na Teofilo Kisanji, ambavyo vijana wetu wanasoma na kufaidika navyo. Vijana hawa wanatoka Tanga, Lindi, Mtwara, Kigoma na Visiwani, wanashuka kwenye basi katika miji iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakiwa na nguo za pwani na shuka moja.

Mzazi naye ameingia katika mtihani huu bila kujiandaa. Tangu Januari 2016 amezoea kusikia kwamba mtoto anasoma bila ada hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Mtoto anapofika chuoni, ghafla zinadaiwa ada, kodi ya chumba, godoro, vitabu, nauli na chakula. Mzazi anategemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Lakini si kila anayeomba hupata, na si kila anayepata hupewa kiasi cha kumtosha. Wapo pia waliokuwa wakiuogopa mkopo huo kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, wakiiona ni riba. Tozo hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021. Basi aliyekuwa na shaka na asome upya masharti, awaulize wanazuoni walio karibu naye, asimzuie mtoto kwa habari za zamani.

Fedha ya kujikimu, ambayo vijana wenyewe huiita bumu, hulipwa kwa awamu. Kati ya bumu moja na jingine ndipo ulipo mtihani. Hapo kijana anapika uji asubuhi na kuulala usiku. Hapo anafungua simu na kukopa kwa wale ambao mitaani wanaitwa kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, na mwanafunzi mwenye njaa ni mteja mwepesi wa watu hao. Hapo pia binti yetu hufuatwa na mtu mzima mwenye fedha anayemwambia kuwa anamsaidia tu kodi ya chumba. Mzazi anayepiga simu mara moja kwa mwezi na kuuliza, "Masomo yanaendeleaje?" atajibiwa, "Alhamdulillah, baba," na simu itakatwa.

Hatusemi kwamba vijana hawana makosa. Wako wanaopokea bumu Jumatatu, na Ijumaa limekwisha kwa simu mpya, viatu na mikeka ya kubeti. Kamari ni haramu, na umasikini wa mwenye kubeti ni wa kujitakia. Nasaha yetu kwa kijana ni hii: siku unapopokea fedha, lipa kwanza kodi, nunua mchele, maharage na mafuta ya muhula mzima, ndipo uangalie kilichobaki. Mwenye gunia la mchele chini ya kitanda hasumbuliwi na kausha damu.

Baada ya kusema hayo, tugeukie wajibu wa umma. Allah (S.W) katika Surat At-Tawba, aya ya 60, ametaja makundi manane yanayostahiki zaka, na ya mwanzo ni mafakiri na masikini. Imam Nawawi amebainisha kuwa mtu awezaye kuchuma lakini ameshughulishwa na kutafuta elimu ya dini, na uchumi ungemkatiza elimu hiyo, ni halali kupewa zaka. Wanazuoni wa zama zetu, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wamelipanua hilo kwa mwanafunzi wa elimu yoyote yenye manufaa kwa umma. Daktari, mhandisi na mwalimu ni faradhi ya kutosheleza; wakikosekana, sote tunapata dhambi.

Na zaka hiyo imo mashambani mwetu. Mkoa wa Mbeya una mpunga wa Usangu, wilayani Mbarali, unaomwagiliwa kwa mifereji, na una mpunga wa Kyela unaotegemea mvua. Iringa ina mpunga wa Pawaga na mahindi ya Ismani. Mtume (S.A.W) amefundisha kuwa kilichonyweshwa na mvua zaka yake ni moja ya kumi, na kilichonyweshwa kwa gharama ni nusu ya hiyo. Kiwango cha kuwajibikiwa ni wasaq tano, ambazo wanazuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa karibu kilo 650 za nafaka safi. Na kwa mpunga unaohifadhiwa na maganda yake, Mashafi'i huzidisha kiwango hicho mara mbili. Haki hii hutolewa siku ya kuvuna wala haingojewi Ramadhani.

Tufanye hesabu nyepesi. Mkulima wa Usangu aliyevuna gunia 100 anatoa gunia 5. Tukichukulia gunia moja lina kilo 100, hizo ni kilo 500 za mpunga, na zikikobolewa hazikosi kutoa takriban kilo 300 za mchele. Kwa nusu kilo kwa siku, mchele huo unawalisha wanafunzi watano kwa siku 120, yaani muhula mzima. Mkulima mmoja, wanafunzi watano.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kamati ya msikiti ulio jirani na chuo ikae na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu wa chuo hicho, iandae orodha ya wahitaji kwa siri, na ipokee nafaka wakati wa mavuno. Pasitangazwe majina, pasipigwe picha. Allah (S.W), katika aya ya 273 ya Surat Al-Baqara, amewasifu mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa namna wanavyojizuia kuomba. Wazazi nao wakumbuke kuwa mtu hampi zaka mtoto wake mwenyewe aliye chini ya matunzo yake; huyo matumizi yake ni wajibu wa baba. Na mnapopiga simu, kabla ya kuuliza habari za mitihani, ulizeni: "Mwanangu, leo umekula nini?"

Tunamuomba Allah (S.W) awahifadhi vijana wetu, awabariki wakulima wetu, na atusamehe sisi tuliojibu swali tukaacha njaa. Wabillahi tawfiiq.