Kabla ya kununua ampli mpya, tutazame spika



Katika vikundi vyetu vingi kuna ampli moja ya gitaa inayotumikia watu wote. Jumamosi iko kwenye ndoa, Jumapili iko kanisani na kwaya, na kukiwa na kilio inabebwa tena. Miaka inapita, sauti inachoka. Gitaa linakwaruza, nyuzi nyembamba hazisikiki, waimbaji wanapaza sauti mpaka koo linauma. Ndipo mmoja wetu anasimama mkutanoni na kusema: tununue ingine. Lakini fedha hiyo inatoka katika sanduku lile lile linalosaidia mama aliyejifungua na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali. Basi tuulize kwanza: je, ampli yote imekufa, ao ni spika tu?

Ampli ina kazi mbili. Kwanza inakuza umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa. Kisha spika, ile ambayo wengi tunaita oparleri, inageuza umeme huo kuwa sauti. Nyuma kuna sumaku, katikati kuna waya wa shaba uliozungushwa, mbele kuna koni ya karatasi. Umeme ukipita katika waya, sumaku inausukuma mbele na nyuma, koni inatikisika, nasi tunasikia. Katika ampli za bei ndogo, mara nyingi spika ndiyo mahali mtengenezaji alipobana fedha. Ndiyo sababu kubadilisha spika peke yake kunaweza kubadilisha sauti kabisa.

Kwetu hilo si jambo dogo. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 kati ya urithi wa wanadamu wote, inasimama juu ya gitaa. Sebene inapoanza, gitaa linarudia sauti za juu haraka haraka. Spika ikiwa mbaya, zote zinachanganyika kama uji.

Namna ya kujua mgonjwa ni nani

Kwanza tubadilishe kamba ya gitaa, maana mara nyingi shida iko pale. Kamba ikiwa nzima, tuzime ampli, tuichomoe kwenye umeme, tutazame kama karatasi ya koni imepasuka. Kisha tuisukume koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ikikwaruza ndani, waya umehama mahali pake. Njia nyingine ni kuazima spika nzima yenye omu zilezile na kumwomba fundi aiunge kwa muda. Sauti ikiwa safi, jibu tumelipata.

Mambo matatu ya kuandika kwenye karatasi

Kabla ya kwenda sokoni, tusome nyuma ya spika ya zamani na nyuma ya ampli.

Upana: spika nyingi za gitaa zina inchi 8, 10 ao 12. Mpya iwe sawa na tundu lililopo, na sumaku yake isigonge vyuma vya ndani.

Wati: spika ipite nguvu ya ampli. Kwa ampli ya wati 30, spika ya wati 50 inapumua vizuri. Ikiwa chini ya nguvu ya ampli, waya wake unaweza kuungua.

Omu: mara nyingi ni 4, 8 ao 16. Kwa ampli ya kawaida ya tranzista, tusishuke chini ya omu zilizoandikwa. Kwa ampli ya taa, yaani ile yenye chupa za kioo zinazowaka, omu ziwe sawasawa. Na tusishangae fundi akipima spika ya omu 8 na kupata 6 ao 7. Hiyo ni kawaida.

Kuna namba ya nne inayookoa fedha: desibeli. Spika ya desibeli 100 inatoa sauti kubwa kuliko ya 97, hata umeme ukiwa uleule. Tofauti hiyo ya 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Kwa hiyo ampli ya wati 20 yenye spika ya 100 inasikika sawa na ya wati 40 yenye spika ya 97.

Tusikubali kupewa spika ya gari ao ya redio ya nyumbani. Spika ya gitaa haipandishi sana sauti zinazopita hertzi 5,000, na hiyo inasaidia kuficha mikwaruzo. Ile ya redio inazitoa zote, na gitaa linachoma masikio.

Kazi yenyewe

Ampli ya taa tumwachie fundi anayeijua. Ndani yake umeme mkali unaweza kubaki hata baada ya kuichomoa, na unaweza kuua. Watoto wakae mbali. Tena ampli hiyo isiwashwe kamwe bila spika, kwa maana inaweza kuungua.

Kwa ile nyingine, tuandike waya gani ulikuwa kwenye alama ya kujumlisha kabla ya kuutoa. Tufunike koni kwa kartoni, maana sumaku inavuta turnavisi na inaweza kutoboa karatasi mpya. Visi zikazwe kidogo kidogo, moja na ile inayoielekea, bila kulazimisha. Siku za kwanza koni ni ngumu. Tusiifungulie sauti yote, tuiache izoee.

Katika mkutano ujao, mtunza sanduku aje na karatasi mbili: bei ya ampli mpya, na bei ya spika pamoja na mkono wa fundi. Mpiga gitaa naye aje na zile namba. Tutazilinganisha pamoja, kisha tutaamua.