Simu ya Saa Nane Usiku: Madereva wa Garimoshi wa Marekani na Siku za Kuwa Nyumbani

Ndugu msomaji, ikiwa mwenzi wako anafanya kazi kiwandani, bandarini au hospitalini, bila shaka wajua maana ya zamu. Juma hili asubuhi, juma lijalo mchana, juma la tatu usiku. Zamu ya usiku huchosha, na watoto hukatazwa kelele mchana kutwa ili baba apate usingizi. Lakini ina jema lake moja, nalo ni kwamba hujulikana mapema. Orodha imebandikwa ukutani. Mama aweza kusema tangu Jumatatu kama Jumamosi mumewe atakwenda naye arusini au hatakwenda.

Sasa ifikirie nyumba isiyo na orodha hiyo. Twende hadi North Platte, mji wa jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani, ambako kampuni ya reli ya Union Pacific ina uwanja wa kupangia mabehewa ulio mkubwa kupita yote duniani. Katika mji wa namna hii, simu yaweza kulia saa nane usiku. Zamani alitumwa kijana kubisha mlango. Siku hizi ni karani wa zamu anayepiga, au mtambo unaosema kwa sauti ya kutengenezwa. Ujumbe ni ule ule: uripoti kazini baada ya saa moja na nusu, au mbili. Dereva hunawa uso, huchukua mkoba wake ambao hukaa tayari karibu na mlango, na kutoka. Mkewe akiuliza atarudi lini, hana jibu. Huenda ni kesho usiku, huenda ni keshokutwa.

(Hapa nifafanue jambo moja. Wamarekani humwita mtu huyu injinia. Msomaji asidhani ni mhandisi wa kuchora madaraja. Ni dereva wa garimoshi, yule ashikaye breki.)

Zamu hizo hugawiwaje? Msingi wake ni ukongwe kazini. Kila dereva ana tarehe yake katika daftari la chama na kampuni, na tarehe hiyo humfuata mpaka siku ya kustaafu. Nafasi ya kazi ikitokea hutangazwa, madereva huiomba, na aliyetangulia kuajiriwa ndiye aipataye. Kwa hiyo zile kazi chache zenye saa maalumu, kama kupanga mabehewa uwanjani kuanzia asubuhi hadi jioni, aghalabu hushikwa na wazee. Mzee naye akipoteza nafasi yake, ana haki ya kumwondoa aliye mdogo kwa tarehe na kukaa mahali pake; huyo mdogo humwondoa mdogo zaidi, na mwisho wa mnyororo huo hupatikana kijana mmoja, labda mwenye mtoto mchanga, aliyebaki hana pa kukaa ila kituo kingine cha mbali.

Walio wengi katika magarimoshi ya mizigo hufanya kazi kwa foleni. Anayetangulia kuingia kituoni ndiye anayetangulia kutoka. Jina lako likiwa la kumi na mbili, wahesabu magarimoshi yanayotarajiwa na kukisia: labda usiku wa manane. Lakini magarimoshi ya mizigo hayana saa kama ya abiria. Matatu yakifutwa, utakesha bure. Mawili yakiongezwa, utaitwa hujalala. Chini ya foleni kuna ubao wa akiba, ambao hujaza mahali pa kila aliye mgonjwa au aliye likizoni. Mkataba humhakikishia mtu wa akiba mshahara wa chini hata asipoitwa, kwa sharti kwamba apatikane kila anapotafutwa. Kwa maneno mengine, analipwa kwa kuwa karibu na simu.

Usidhani kwamba hakuna sheria. Chama cha madereva hao ni miongoni mwa vyama vikongwe kabisa vya wafanyakazi nchini humo, kilianza mwaka 1863, na kimepigania saa za kazi tangu enzi za mvuke. Mwaka 1907 Bunge la Marekani lilikataza dereva kufanya kazi zaidi ya saa 16 mfululizo. Mwaka 1916, vyama vya reli vilipotishia kugoma nchi nzima, likapitisha siku ya kazi ya saa 8. Ila saa hizo 8 zilikuwa za kuhesabia mshahara, si za kumrudisha mtu nyumbani. Sheria ya mwaka 1969 ilipunguza kikomo kikafikia saa 12 katika mwaka 1972. Na mwaka 2008, baada ya magarimoshi mawili kugongana Chatsworth, California, na watu 25 kufa, iliwekwa sheria kwamba dereva apumzike saa 10 bila kusumbuliwa hata kwa simu, na asizidishe saa 276 kwa mwezi. Kadhalika akianza zamu siku 6 mfululizo apewe saa 48 za mapumziko nyumbani.

Maneno hayo ni mazuri. Lakini yasome tena kwa jicho la mama mwenye nyumba. Zile saa 10 za mapumziko huhesabiwa popote alipo dereva, hata katika hoteli iliyoko kilomita 300 kutoka kwake. Na zile siku 6 sharti zifuatane. Siku moja ikipita bila kuanza zamu, hesabu hurudi mwanzo, ingawa siku yenyewe aliimalizia hotelini akitazama ukuta. Kisha kuna saa zisizo na mwenyewe. Garimoshi likiwa njiani na saa 12 zikatimia, dereva hulisimamisha hapo hapo, na gari dogo hutumwa kumchukua na kumleta dereva mwingine. Huenda akalisubiri saa tatu au nne, amekaa ndani ya injini porini. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba muda huo wa kusubiri si kazi wala si mapumziko. Sheria hulinda mwili wa dereva usizidiwe na uchovu. Haikuandikwa ili mkewe apate kujua ni siku gani atakula naye chakula cha jioni.

Likizo ya mwaka nayo ipo, na haikupatikana bure. Kwa mkataba wa kitaifa, mwaka mmoja wa kazi humpa mtu juma moja, miaka 2 majuma mawili, miaka 8 majuma matatu, miaka 17 manne, na miaka 25 matano. Majuma hayo huchaguliwa kwa ukongwe vilevile. Mwenye wajukuu huchukua Julai, shule zinapofungwa. Mwenye watoto wa shule huachiwa Februari, theluji ikiwa magotini. Nakiri kwamba sijui njia nyingine ambayo isingemwonea mtu mwingine, na wazee hao nao walikuwa vijana wa Februari zamani zao.

Neno likizo ya ugonjwa ndilo lililoleta kishindo. Msomaji wa Tanzania atashangaa, maana sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Marekani haina sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri wa kampuni kulipa likizo yoyote kati ya hizo mbili. Kila kitu ni mkataba. Wafanyakazi wa reli walikuwa na mfuko wa bima ulioanza kulipa mafao ya ugonjwa tangu miaka ya 1940, lakini mafao hayo huanza baada ya siku za kungoja; yamsaidia aliyevunjika mguu, hayamfai mwenye homa ya siku mbili. Mwenye homa alikuwa na njia tatu: kukosa mshahara, kutumia siku yake ya mapumziko ikiwa karani atakubali, au kwenda kazini.

Nani asiyejua kisa cha Casey Jones, dereva aliyeimbwa sana? Wimbo husifu ushujaa wake. Mara chache hutajwa kwamba usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili, 1900, garimoshi lile la abiria lililotoka Memphis halikuwa zamu yake. Mwenzake aliugua, naye akakubali kumshikia. Liliondoka limechelewa zaidi ya saa moja, akakimbiza ili kufidia, akaligonga garimoshi lililokuwa halijapisha njia kule Vaughan, Mississippi. Alikufa peke yake, akaacha mjane na watoto watatu.

Tarehe 1 Februari, 2022, kampuni ya BNSF ilianza utaratibu mpya wa mahudhurio. Kila dereva na kondakta alipewa pointi 30. Akikosekana siku ya kazi, pointi hupunguzwa, na siku za mwisho wa juma ziligharimu zaidi kuliko za katikati. Ili arudishiwe pointi 4, ilimpasa kupatikana siku 14 mfululizo bila kukosa. Pointi zikiisha, adhabu ilianza kwa kusimamishwa kazi na mwisho wake ilikuwa kufukuzwa. Vyama viwili vyenye wafanyakazi zaidi ya 17,000 vilitaka kugoma. Jaji wa Fort Worth, Texas, akawazuia kabla hata utaratibu haujaanza, kwa kuwa sheria ya reli ya mwaka 1926 huweka vikwazo vingi sana mbele ya mgomo.

Kampuni nazo zilikuwa na hoja, na ni haki kuisikia. Zilisema garimoshi haliwezi kusimama kwa kuwa mtu ana mafua. Na kwamba kwa miaka mingi vyama vyenyewe vilichagua mshahara mkubwa badala ya siku za ugonjwa. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Lakini ya kwanza ingekuwa na uzito zaidi kama kampuni hizo zisingalikuwa zimepunguza, katika miaka sita hivi kabla ya hapo, karibu wafanyakazi 3 kati ya kila 10, huku zikiunganisha magarimoshi marefu hadi kilomita 3 na zaidi ili kuwafurahisha wenye hisa. Ukiondoa watu wa akiba, kila mgonjwa huonekana mtoro.

Mazungumzo ya mkataba wa hali bora kwa vyama 12 na wafanyakazi kama 115,000 yalifika ukingoni Septemba 2022. Mapatano yaliyotangazwa tarehe 15 ya mwezi huo yalitoa nyongeza ya mshahara ya asilimia 24 kwa miaka mitano, kuanzia 2020 hadi 2024. Ni fedha nyingi, na hakuna aliyebisha. Ukifika kwenye kifungu cha siku za kuwa nyumbani, utakuta siku moja ya ziada yenye malipo, na ruhusa ya kumwona daktari mara tatu kwa mwaka bila malipo na bila adhabu, mradi miadi hiyo ipangwe siku 30 kabla, na iwe Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Nilikisoma kifungu hiki mara mbili. Mtoto wa nani hutoa taarifa ya siku 30 kabla ya kupandwa na homa?

Madereva waliukubali mkataba kwa asilimia 53.5 ya kura. Makondakta, wanaokaa nao katika injini ile ile, waliukataa kwa kura chache mno zaidi ya nusu. Vyama vinne kwa jumla viliukataa. Serikali ikaogopa mgomo, Bunge likaingia kati. Baraza la Wawakilishi lilipitisha siku 7 za ugonjwa zenye malipo kwa kura 221 dhidi ya 207. Katika Seneti pendekezo hilo lilipata kura 52 dhidi ya 43, na lilihitaji 60. Mkataba wenyewe bila siku hizo ukapita, na Rais Joe Biden akautia sahihi tarehe 2 Desemba, 2022. Kugoma kukawa ni kuvunja sheria.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini kelele zilikuwa zimewafikia watu wa mijini, ambao hawakupata kamwe kujua kwamba aliyewaletea makaa na ngano hana siku ya kuugua. Katika mwaka 2023 kampuni moja baada ya nyingine ilikaa na vyama na kutoa kwa hiari kile kilichokataliwa na Seneti. Norfolk Southern iliwapa madereva siku 5 za ugonjwa zenye malipo, na ruhusa ya kugeuza siku 2 za mapumziko binafsi zitumike hivyo hivyo. BNSF ikafanya 5 na 3.

Jambo lililonivutia zaidi ni la Union Pacific, ile kampuni ya North Platte. Mwaka huo huo ilipatana na chama cha madereva juu ya ratiba mpya: dereva wa foleni afanye kazi siku 11, kisha apumzike siku 4 zinazojulikana mapema. Katika zile siku 11 simu ingali yaweza kulia saa nane usiku, wala foleni haikuondolewa. Lakini sasa mama aweza kuchukua kalamu, akahesabu siku kwenye kalenda iliyoning'inia jikoni, akaizungushia duara Jumamosi ya majuma mawili yajayo, na kumjibu shangazi aliyeuliza kama watakwenda arusini.