Je, Wajua? Moshi Uliomsaliti Mpiga Bunduki

Bunduki ya bolti hufanya kazi kama komeo la mlango. Mpigaji huinua mkono wa bolti na kuuvuta nyuma, ganda la risasi iliyopigwa likaruka nje. Akiusukuma mbele, risasi mpya huingia; akiukandamiza chini, bolti hujifunga na kuhimili mlipuko wa baruti.

Kabla ya bunduki za bolti kuenea, ruga-ruga, yaani wapiganaji wa Mirambo, mtawala wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, walitegemea zaidi magobori, yanayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu.

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki walibeba Mauser ya mwaka 1871: bunduki ya bolti, milimita 11, isiyo na magazini. Ilipakiwa risasi moja moja, na baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipojificha mpigaji. Mauser ya 1898 ilibeba risasi tano za baruti isiyo na moshi mwingi. Ndiyo maana bunduki za kisasa zilizotekwa kutoka kwa Waingereza huko Tanga, Novemba 1914, zilithaminiwa sana.

Ukanda wetu nao ulipitiwa na vita hivyo: mwaka 1916 Waingereza waliteremka kutoka Mwanza kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, mji ambao Wabelgiji waliuteka Septemba 19. Tuwakumbuke pia wapagazi waliobeba masanduku ya risasi. Maelfu yao hawakurudi makwao.