Chumbe: kisiwa cha vyumba saba ambako wageni wanalipa ili samaki wasivuliwe

Mkaaji wa Kilembwe anayetaka kuona bahari anaanza safari kwa pikipiki. Anashuka kutoka milima ya Lulenge mpaka Baraka, anavuka Ziwa Tanganyika kwa boti hadi Kigoma, kisha anapanda treni kwenye reli iliyofika kando ya ziwa mwaka 1914. Baada ya kilometa zaidi ya 1,200 anashuka Dar es Salaam. Kongo nayo ina bahari yake kule Muanda, lakini ni pwani ya kilometa zipatazo 40 tu, na kwa mtu wa Fizi iko mbali kuliko Dar.

Akitoka Dar anapanda meli, saa mbili hivi, anafika Unguja. Na akiwa na pesa, jambo ambalo tutalirudia, anaweza kuendelea tena kwa boti ndogo kutoka ufuko wa Mbweni, kusini kidogo ya mji wa Zanzibar. Boti inaondoka saa nne asubuhi. Chini ya saa moja baadaye, mbele yake kunatokea kisiwa chembamba chenye msitu mzito, mnara mweupe wa taa ya meli, na paa kubwa la makuti. Hicho ndicho Chumbe.

Kisiwa chote ni kama hekta 20 na kidogo. Hakuna kijiji, hakuna kisima, hakuna duka. Kuna nyumba saba za kulala wageni, basi. Usiku ukiingia, watu wote waliopo kisiwani, wageni na wafanyakazi pamoja, hawajazi hata kanisa dogo la mtaa.

Wengi wanaokuja kulala ni wawili wawili. Kuna waliooana juzi, na kuna waliooana miaka thelathini iliyopita wakataka kukumbuka. Waswahili wa pwani wana neno lao la siku hizo za kwanza za ndoa: fungate, yaani zile siku saba ambazo maharusi walikuwa wanajifungia ndani, chakula kinaletwa mlangoni, na hakuna wa kuwasumbua. Chumbe inauza fungate ya namna hiyo kwa watu kutoka Ulaya na Marekani. Hakuna televisheni chumbani. Hakuna muziki wa baa. Kelele ni ya maji na ndege.

Nyumba ya makuti na choo kisicho na maji

Mtu wa Kilembwe akisikia habari za vyumba vyenyewe, anaweza kucheka. Paa ni la makuti. Hakuna mashine ya kupoza hewa. Upande unaotazama bahari unafunguliwa wote, upepo unapita ndani kama unavyopita barazani. Maji ya kuoga ni ya mvua. Choo hakimwagiwi maji hata tone moja. Kwa haya yote mgeni mmoja analipa zaidi ya dola 200 kwa usiku, fedha ambayo kwa familia nyingi za Lulenge ni ada ya shule ya watoto wote na kinachobaki.

Lakini nyumba hizo zilifikiriwa sana. Kisiwa hakina maji matamu, na kuchimba hakusaidii, utapata maji ya chumvi. Kwa hiyo paa limejengwa kwa mwinamo unaokusanya mvua yote ya masika na ya vuli, maji yanapita kwenye kichujio, yanashuka katika tangi lililo chini ya sakafu. Mgeni analala juu ya maji yake ya kuoga. Jua ndilo linalopasha maji hayo moto na kuwasha taa. Maji yaliyotumika hayaachwi yateremke baharini: yanaelekezwa kwenye vitanda vya mimea inayokula sabuni na uchafu wake. Na choo kile kikavu kinageuza kinyesi kuwa mbolea, maana uchafu wa choo ukifika kwenye matumbawe unalisha majani ya baharini, na majani yakizidi yanayafunika matumbawe mpaka yafe.

Mbele ya vyumba, hatua chache tu kutoka kitandani, ndiko kuna sababu ya haya yote. Ni mwamba wa matumbawe ambao wataalamu wamehesabu humo aina zaidi ya 400 za samaki na aina zipatazo 200 za matumbawe magumu, sehemu kubwa sana ya aina zote zinazojulikana katika Afrika Mashariki. Mgeni anapewa miwani, mrija wa kupumulia na mtu wa kumwongoza, analala kifudifudi juu ya maji na kutazama. Kuzamia kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi kwa watalii. Kuvua hakuruhusiwi kwa mtu yeyote. Hata samaki anayeletwa mezani jioni, katika mchuzi wa nazi, alinunuliwa kwingine.

Usiku kuna mgeni wa aina nyingine. Kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu, anatoka mashimoni kutafuta chakula. Anaweza kufika kilo nne, na ana magando ya kuvunja nazi. Kwenye visiwa vingi vya Bahari ya Hindi ameliwa mpaka akawa adimu. Chumbe wageni wanatembea na tochi kumtafuta, wanasimama, wanamtazama, wanarudi kulala. Msituni yumo pia paa nunga, swala mdogo aliyekuwa anaelekea kuisha Unguja kwa sababu ya mitego na kukatwa kwa misitu. Wachache waliletwa Chumbe miaka ya mwisho ya 1990 wapate mahali pa kujificha.

Taa ya Waingereza, msikiti mdogo, na mama mmoja Mjerumani

Kisiwa hiki hakikuanza na watalii. Mwaka 1904 Waingereza walijenga mnara wa taa ili meli ziendazo na kutoka Dar es Salaam zisigonge mwamba. Mlinzi wa taa alikaa hapo na watu wake, na mpaka leo upo msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya kuswali kwao. Nyumba ya mlinzi ilibaki gofu. Sasa ndiyo iliyofunikwa na lile paa kubwa la makuti, na ndipo wageni wanapokula. Mnara nao unapandwa: ngazi zipatazo 130, na juu unaona Unguja upande mmoja na bahari tupu upande mwingine.

Kwa nini mwamba wa Chumbe ulibaki mzima wakati mingine ya karibu ilivunjwa kwa baruti, nanga na nyavu? Sababu moja haina uzuri wowote. Upande wa magharibi wa kisiwa unapakana na njia ya meli kubwa, na eneo lile lilihesabiwa pia kuwa la jeshi. Wavuvi wenye ngalawa hawakuachwa kuvua kwa raha. Samaki walipata kinga bila mtu yeyote kuwakusudia.

Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi katika miradi ya misaada, aliuona mwamba huo na akaanza kuiomba serikali ya Zanzibar ruhusa. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Ofisi za ardhi, za uvuvi, za misitu, za utalii, kila moja na karatasi zake. Wakaaji wa Kivu Kusini waliowahi kufuatilia hati ya kiwanja watamwelewa bila maelezo. Mwaka 1994 serikali iliutangaza mwamba wa magharibi kuwa hifadhi na msitu kuwa msitu uliofungwa. Wageni wa kwanza walipokelewa mwaka 1998. Kazi iliyopangwa kwa muda mfupi ilikuwa imechukua miaka saba. Leo Chumbe inatajwa mara nyingi kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kuendeshwa na watu binafsi na kujilipia yenyewe. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliitunuku tuzo yake ya mazingira iitwayo Global 500.

Watu wa kwanza kuajiriwa kulinda mwamba walikuwa wavuvi. Hilo ndilo pengine lilikuwa la akili kuliko yote. Mvuvi anajua saa ya maji kujaa, anajua nani anavua wapi na kwa mtego gani, na akimkuta jamaa yake ametupa ndoana ndani ya mpaka, anaongea naye kama jamaa. Walinzi wa Chumbe hawana bunduki. Wana boti, daftari na maneno. Wanaeleza jambo ambalo mzee yeyote wa pwani anaweza kulipima kwa macho yake: samaki wakiachwa wazaliane mahali pamoja, wanajaa, kisha wanatoka nje ya mpaka, na huko nje ni halali ya mvuvi.

Mshahara wa walinzi hao unatoka kwa wale wawili wawili waliolala chini ya makuti. Hapo ndipo nguvu ya Chumbe ilipo, na udhaifu wake pia.

Maji ya moto na viwanja vya ndege vilivyofungwa

Mwaka ule ule wa kufungua milango, 1998, bahari ilipata joto kupita kawaida. Matumbawe ni wanyama wadogo mno wanaoishi pamoja na mimea midogo zaidi ndani ya miili yao. Mimea hiyo ndiyo inayowalisha na kuwapa rangi. Maji yakizidi joto, mimea inafukuzwa, mwamba unabaki mweupe kama mfupa, na hali ikidumu unakufa. Mwaka 2016 joto lilirudi. Sehemu kubwa ya mwamba wa Chumbe ilipona, na watafiti wanahusisha uwezo huo na kutokuvuliwa: samaki wanaokula majani wakiwapo wengi, wanayasafisha mawe ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Lakini hakuna mlinzi wa kuizuia bahari isipate joto.

Pigo lingine lilikuja bila wimbi. Mwaka 2020 Korona ilifunga viwanja vya ndege, na fungate za Ulaya zikafungwa nazo. Hoteli ya kawaida ikikosa wageni inaweza kufunga mlango na kungoja. Hifadhi haiwezi. Mvuvi mwenye njaa hangoji, na mlinzi anatakiwa awe kwenye boti kesho asubuhi, mgeni awepo au asiwepo.

Ubwari, ile iliyodhaniwa kisiwa

Mwaka 1858, Mwingereza Richard Burton alipita ziwani mwetu akaiandika Ubwari kuwa kisiwa. Alikosea, ni rasi, imeshikana na nchi, na lile ghuba lililo kati yake na Baraka bado linaitwa kwa jina lake. Kosa lake linaeleweka. Ukitazama kutoka majini asubuhi, milima ya Ubwari imesimama peke yake, maji ni safi, na fukwe zina mchanga. Yeyote aliyeiona na akasoma habari za Chumbe atauliza swali lile lile.

Swali hilo halihusu watalii tu. Ndagala na mikebuka wanapungua, nyavu zimekuwa na matundu madogo, na kuna mahali hata chandarua cha mbu kinavuta vifaranga. Nchi zinazolizunguka ziwa zimechukua njia ya kufunga uvuvi miezi mitatu. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Chumbe nayo imefunga, na kwa zaidi ya miaka thelathini sasa. Tofauti ni nani analipa. Kule, mvuvi aliyezuiwa alipewa kazi, na kazi hiyo ilipewa fedha na vyumba saba. Kwenye fukwe za Fizi, familia inayoambiwa iache nyavu miezi mitatu inahitaji ugali na mboga siku ya kwanza ya katazo.

Kongo imewahi kujaribu kisiwa cha wageni. Hifadhi ya Virunga iliweka kambi ya mahema Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga katika Ziwa Kivu, mabaki ya ukingo wa volkano ya zamani. Usiku mwekundu wa Nyiragongo ulionekana kutoka kitandani, na Kivu haina mamba wala kiboko wa kumtisha anayeogelea. Lakini Mei 2018 hifadhi ilisimamisha utalii wote baada ya mlinzi kuuawa na wageni kutekwa, ikafungua tena mwanzoni mwa 2019, kisha ikaja Korona. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23. Kisiwa hakikusogea hata hatua moja. Njia ya kukifikia ndiyo iliyomezwa na vita. Ubwari nayo ina barabara zake na silaha zake, na hakuna wapenzi watakaolipa dola 200 kusikiliza risasi.

Chumbe, siku ambazo si za watalii, boti ile ile ya Mbweni inabeba watoto wa shule pamoja na walimu wao. Sehemu ya fedha za vyumba inalipia safari hizo, na maelfu ya wanafunzi wa Zanzibar wamekwisha kupita. Wengi wamezaliwa mita chache kutoka baharini na hawajui kuogelea, wasichana hasa. Wanavalishwa maboya juu ya nguo na mitandio, wanashikwa mkono na mlinzi aliyekuwa mvuvi, wanaambiwa waingize uso majini na wapumue taratibu kwa mdomo. Samaki wa miamba wamewala tangu utotoni. Hapo ndipo wanapowaona kwa mara ya kwanza wakiogelea.