Gari Halijatoka Kiwandani: Hasara Abebe Nani?

Wilayani Same, gari jipya lililoagizwa moja kwa moja kutoka kiwandani ni mambo ya taasisi: halmashauri, hospitali, dayosisi, miradi ya wafadhili. Mkulima wa Mamba Miamba au Vunta hutegemea Canter na Fuso za mtumba kutoka Japani. Ndiyo maana malalamiko ya wateja wa Marekani, walioweka oda za pikapu za haibridi wakangoja mwaka mzima bila kuziona, huku huchukuliwa kuwa ni shida za wenye nazo. Sivyo. Ucheleweshaji wa kiwandani hupanda milima ya Upare hata kwa mtu ambaye hakuagiza kitu, na mtu huyo ndiye asiye na wa kumdai.

Tuanze na gari lenyewe. Haibridi ina injini ya kawaida pamoja na mota ya umeme, na aina nyingi hazihitaji kuchomekwa popote, kwa kuwa betri hupata chaji gari likiwa safarini. Dereva anapoteremka au kupunguza mwendo, mota hugeuka jenereta. Nguvu ambayo ingepotea kama joto la breki inaingia kwenye betri na kusaidia kupanda kilima kinachofuata. Joto hilo Wapare wanalijua. Canter iliyosheheni viroba vya tangawizi hushuka kwa gia ya pili, breki zikinuka, na utingo yuko tayari na jiwe la kuzuia tairi. Teknolojia yenyewe si ngeni: Hino walitoa Dutro ya haibridi mwaka 2003, na Canter ya aina hiyo iliingia sokoni Japani mwaka 2006. Kwa upande wa pikapu, Hilux yenye mfumo wa volti 48, iliyoanza kuuzwa Ulaya na Afrika Kusini mwaka 2024, hupunguza matumizi ya dizeli kwa takriban asilimia 5 tu kwa hesabu za Toyota wenyewe. Ni kidogo, na asiwepo wa kuipamba kuwa muujiza. Ila mlimani, kinachookolewa si mafuta peke yake, ni breki pia.

Kwa nini basi magari haya yalichelewa? Mwaka 2020, corona ilipofunga masoko, kampuni za magari zilifuta oda zao za chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyoendesha kila kitu, kuanzia injini hadi mikoba ya hewa. Watengenezaji wa chipu wakawahudumia wateja wa simu na kompyuta. Wateja wa magari waliporudi haraka kuliko ilivyotarajiwa, kampuni zikajikuta mwisho wa foleni. Tarehe 19 Machi 2021 kiwanda cha chipu cha Renesas mjini Naka, Japani, kikaungua. Siku chache baadaye meli ya Ever Given ikaziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Septemba mwaka huo Toyota ilipunguza uzalishaji wake duniani kwa asilimia 40 hivi. Januari 2022 ikawatangazia wateja wa Japani kwamba Land Cruiser 300 ingeweza kuchukua hadi miaka minne kuwafikia, na mwezi huohuo Ford ikaacha kupokea oda za pikapu yake ya Maverick ya haibridi, kwa sababu zilizokuwepo tayari zilizidi uwezo wa kiwanda.

Sasa tazama jinsi uhaba huo ulivyofika Same. Mjapani asiyepata gari jipya haliuzi la zamani. Minada ya huko ikapungukiwa magari, bei zikapanda, na mnunuzi wa Dar es Salaam akalipa zaidi kwa gari chakavu zaidi, ambalo huenda TRA nayo ililitoza ushuru wa uchakavu. Haya yalitokea wakati petroli na dizeli zilikuwa zimevuka shilingi 3,000 kwa lita jijini humo, Mei 2022, hata serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Mwenye lori hali hasara hiyo peke yake. Huihamishia kwenye nauli ya kiroba, na mkulima analipwa kinachobaki.

Wapo watakaosema mtumba unatosha, tusihangaike na foleni za viwanda. Lakini mtumba wa leo ni gari jipya la mwenzetu wa juzi. Kiwanda kikisita, nasi tunasita, tofauti ni miaka tu. Wengine watasema tuunganishe magari hapa nchini. Hoja hiyo ina uzito zaidi, na tumewahi kufanya hivyo: TAMCO ya Kibaha iliunganisha malori ya Scania. Hata hivyo, kuunganisha ni kufunga vipuri vilivyoletwa. Chipu isipotoka Asia, karakana ya Kibaha itangoja sawa na yadi ya magari ya mtumba ya Moshi.

Foleni ya dunia hatuwezi kuifupisha. Tunachoweza ni kukataa kubeba hasara yake yote, na hapa ndipo wanunuzi wetu wanapolegea. Hulipa malipo ya awali kwa kutegemea profoma isiyotaja tarehe ya kukabidhiwa, kisha hasira zote humwangukia wakala, ambaye mara nyingi naye amefungwa mikono. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mnunuzi haki ya kujitoa muda uliokubaliwa ukipita, mradi pande zote zilikusudia kwamba muda ni sharti la msingi. Pasipo tarehe, haki hiyo ni ngumu kuidai. Wauzaji watasema hakuna wakala anayeweza kuahidi siku ya meli. Ni kweli, basi waahidi jingine: fedha zirudi kamili tarehe fulani ikifika bila gari. Na chama cha ushirika cha wakulima wa tangawizi kikiagiza malori matatu kwa mkataba mmoja, masharti yake yatasikilizwa kuliko ya mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo, wewe unayekusudia kuagiza gari mwaka huu, liwe la haibridi au la kawaida, itafute tarehe kwenye karatasi kabla ya kutia saini. Ikiwa haimo, fedha zako zibaki benki.